Kiti Kimoja Katika Weupe

Foleni ya tanuri la mikate pale Basta ilikuwa ndefu asubuhi ile, ndefu kiasi kwamba aliyesimama mwisho angeota mvi kabla ya kuonja mkate wa zaatari. Rindala alikuwa katikati yake: koti la rangi ya haradali, viatu vyekundu, nywele zimefungwa kwa penseli, kwapani bango alilolichora mwenyewe. Alikuwa na njaa, na Rindala akiwa na njaa hata paka wa Beirut humpisha.

"Kisu kitazila hizo herufi," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Kijana mrefu, shati la buluu lililopigwa pasi vizuri, kucha nyeusi kwa wino, alikuwa akilichungulia bango lake bila haya.

"Umesemaje?"

"Umezisogeza mno ukingoni. Na hiyo rangi nyeusi inaishia palepale pa kukatia. Karatasi ikihama unywele mmoja tu, utaona uzi mweupe pembeni. Rangi lazima ivuke mstari, bibie, halafu ndipo kisu kiipunguze."

"Nani kakuomba ushauri?"

"Bango lenyewe. Husikii linavyolia?"

Foleni nzima ikacheka. Masikio ya Rindala yakawaka moto. "Wewe ni nani hata usikie mabango yakilia?"

"Wadih. Kiwanda cha uchapaji kile pale, chenye mlango wa kijani."

Rindala alitamani ardhi ipasuke immeze. Mlango wa kijani ndiko alikokuwa akilipeleka.

Basi wakapendana, na walipendana kwa kugombana. Wadih alimfundisha pambizo na kisu. Yeye akamfundisha Wadih kwamba weupe wa karatasi nao ni kazi, kwamba jicho lisipopata pa kupumzika halisomi kitu. Simu zao majirani walizisikia bila kutaka.

"Halo, roho yangu."

"Usiniite roho yako! Ile nyekundu uliyochapa jana ni nyanya iliyooza."

"Uje unizike, Rindala!" Ndivyo watu wa Beirut wanavyomwambia wampendaye: nitangulie mimi, nisibaki duniani bila wewe.

"Nitakuzika kweli, endelea tu."

Kisha ikaja kazi ya jumba la michezo ya kuigiza la mtaa wa Hamra. Mchezo ulihusu watu waliochukuliwa wakati wa vita wasirudi tena. Rindala alichora kiti kimoja kidogo, chini kushoto, jina la mchezo kwa herufi nene kando yake, na kwingine kote weupe mtupu. Bi Salma, mkuu wa jumba, akiridhika, Rindala angepewa mabango ya msimu mzima. Asiporidhika, kaka yake Rindala alikuwa ameshamtafutia kazi Kuwait ya kupanga matangazo ya sabuni. Wadih alilijua hilo. Rindala akaitia sahihi prufu, ile nakala ya majaribio, na katika kazi ile, prufu ikishatiwa sahihi haihamishwi hata nukta.

Mabango yakabandikwa. Rindala akashuka Hamra kuyatazama, amevaa gauni lake la kijani kama anayekwenda sherehe, na akaganda barabarani.

Mawaridi. Mawaridi mekundu ya kadi za harusi yamekitambalia kiti, yamepanda juu, yamejaza weupe wote, na kileleni njiwa wawili wanabusiana.

Simu ikalia. Alikuwa Bi Salma. "Binti, nilitaka bango, umeniletea mwaliko wa harusi. Nakupa hadi Jumatatu, kisha nampa mwingine."

Jinsi alivyoingia kwenye ule mlango wa kijani, wapo wanaoapa kuwa mashine ilizimika yenyewe kwa hofu.

"Nani kaweka maua?"

Wadih alikuwa ameshika moja ya yale mabango, uso umempauka. "Kosa ni la kiwanda."

"Kiwanda hakina mikono! Nani?"

"Basi ni langu."

"Niliitia sahihi! Nilikueleza ule weupe ni nini, ukanitazama machoni ukasema umeelewa! Umeniuza kwa njiwa wawili, Wadih!"

Kile kioo kidogo cha kukagulia nukta za wino, zawadi aliyopewa na Wadih, akakitupa kwenye pipa la vipande vya karatasi, akatoka. Kelele zake, inasemekana, zilivuka bahari zikafika kisiwa cha Kupro.

Wadih akapiga simu mpaka ya kwake ikaisha moto. Mara moja tu Rindala alipokea.

"Mpenzi, nisikilize..."

"Nitajie aliyeweka maua."

"Siwezi."

"Basi na mimi siwezi." Akavuta sanduku la safari uvunguni, akaanza kutupia nguo bila kuzikunja.

Jumapili akapigiwa na Mama Wadih, mjane aliyekiendesha kiwanda peke yake tangu mwanawe akiwa mdogo. Wakati wa vita, husimuliwa, alipitisha gari la karatasi kati ya wapiganaji kwa kuwafokea pande zote mbili mpaka wakamwomba radhi.

"Njoo ule."

"Mama, sina njaa."

"Nimekuuliza kama una njaa?"

Rindala akaenda, amevimba kwa hasira. Meza ya Mama Wadih aliijua: siku zote hapakuwa na mahali pa kuweka hata kidole, sahani juu ya sahani. Siku ile akakuta kitambaa cheupe kimetandazwa, na sahani moja ya kibe, yale mabonge ya nyama na ngano, chini kushoto. Basi.

Mama Wadih alisimama kando yake akinyonga aproni, kama mtu aliyefumaniwa akiwa uchi.

"Ni mimi," akasema. "Wadih alikuwa nje akihangaika na jenereta. Nikakiona kile kiti. Ndugu yangu alitoka kununua mkate, mwanangu, wakati wa vita. Mpaka leo. Kile kiti kilikuwa kinanitazama. Sikuweza. Nikakifunika kwa maua ya kadi za harusi, nikachapa."

Rindala alikuja na maneno makali mdomo mzima. Akayaacha. Akamshika yule mama mikono.

Mlango ukafunguliwa. Wadih, gundi mpaka nywele, bango jipya mkononi: kiti, weupe, herufi mbali na kisu.

"Nimeyafunika yale ya maua yote, Hamra nzima. Bi Salma amekuta moja, kasimama kulitazama mpaka magari yakampigia honi. Anasema uende kesho. Msimu ni wako."

"Ulininyamazia!" Hasira ikapata mlango. "Ningekuwa Kuwait sasa hivi, nauza sabuni!"

"Ni mama yangu, Rindala."

"Na mimi ni nani?"

"Mke wangu, ukitaka. Uje unizike!"

"Nitakuzika, punda wee! Na tangazo la msiba wako nitalipanga mwenyewe. Pambizo pana, na jina lako kwa herufi nyembamba!"

"Na mke wa marehemu utaandika nani?"

"Rindala! Mjinga gani mwingine atakubali?"

Akaketi kwa kishindo, machozi na hasira vikimtoka pamoja. Akaisogeza sahani ya kibe kidogo kushoto, kwa sababu haikuwa imekaa sawa. Kisha akamgeukia Mama Wadih.

"Mama, lete na vile ulivyovificha jikoni. Hasira hizi kibe peke yake hakizimudu."