Vidonge vya Jirani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Macho alitia uzi kwenye sindano sita za bibi yake, akazichomeka kwenye kimto kando ya cherehani. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina la Macho. Kisha alimkanda bibi goti la kulia, lililokuwa limevimba na kukataa kukunjika kwa miaka minane. Nusu ya darasa la Macho walivaa sare zilizoshonwa na bibi huyu, na hakuna aliyejua kwamba alizishona huku ameuma meno.

Sasa goti lilikuwa linakwenda kupasuliwa. Daktari alitoa sharti moja: siku saba kabla, asimeze kidonge chochote cha maumivu bila kumwuliza. Siku mbili bibi alijikaza kisabuni. Siku ya tatu alikwenda chooni kwa kutambaa. Ya nne akaja jirani, mpishi mstaafu, rafiki yake tangu ujana. Wawili hao waliazimana chumvi, sufuria, hata miwani. Safari hii jirani alileta vidonge vyake vya mgongo.

"Meza, mwenzangu. Huyo daktari goti lako halimuumi yeye."

Bibi akameza viwili, akamgeukia Macho. "Umeona nini?"

"Sijaona kitu, Bibi."

"Hivyo hivyo. Operesheni hii nimeingoja mwaka mzima. Ukisema, watanirudisha nyumbani."

Akameza tena siku ya tano, na ya sita, na ya saba.

Siku ya operesheni, hospitalini, mama yake Macho alikuwa kwenye dirisha la mapokezi akishughulikia karatasi. Macho alibaki na bibi, aliyekwishalazwa kwenye kitanda cha magurudumu. Nesi akaja na fomu.

"Bibi, wiki hii umemeza dawa yoyote ya maumivu?"

"Hata moja."

"Vizuri, maana nyingine huifanya damu isigande upesi. Mtu anaweza kuvuja mpaka tukashindwa kuizuia."

Nesi akatia alama na kuanza kusukuma kitanda. Bibi alimkazia macho, akamfinya mkono kwa nguvu. Macho alimpenda bibi kuliko mtu yeyote duniani, na aliogopa hasira yake kuliko ya mwalimu mkuu. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguliwa.

"Nesi, simama!" Macho akapaza sauti. "Amemeza! Jana pia alimeza!"

"Msimsikilize, anaota huyo," bibi akasema.

Lakini kitanda kilikuwa kimesimama. Daktari alitoka, akauliza, na bibi akakiri huku ameugeukia ukuta. Operesheni ikaahirishwa kwa siku kumi.

"Nimekulea kwa mikono hii," bibi alimwambia Macho, "nawe umenichongea." Macho alilia palepale, mbele za watu.

Daktari alivuta kiti. "Bibi, mjukuu wako amekuokoa. Lakini kwa nini hukuniambia unaumwa hivyo? Ipo dawa nyingine isiyo na hatari hiyo. Ningekupa siku ile ile."

Bibi alikuwa amezoea kuvumilia, wala hakujua kwamba maumivu yanaweza kusemwa yakasikilizwa. Alipewa dawa hiyo, na siku kumi zikapita bila kutambaa. Hata hivyo, siku zote hizo bibi hakumsemesha Macho.

Operesheni ilikwenda salama. Kesho yake nesi alimsimamisha bibi kwa magongo. Jasho lilimtoka. Macho na jirani walikuwepo, jirani kajiinamia kwa aibu.

"Ukisikia mficha maradhi kifo humuumbua, ndiye mimi," bibi alimwambia. "Dawa ya mtu hupimwa kwa mwili wake, mwenzangu. Tuazimane chumvi tu. Na mtoto akisema kweli, asiitwe mchongezi."

"Vipi, Bibi, unaumwa?" nesi akauliza.

Bibi alifungua kinywa kusema hajambo, kama kawaida yake. Akamtazama mjukuu wake.

"Mwambie, Macho," akasema. "Mwambie naumwa sana."