Kitanda cha Mama Mkwe Ndani ya Chumba cha Mabati

"Anaclet, hii kitanda ulilokota wapi?"

"Ku Naviundu, karibu na muto. Bantu baliitupa. Iko muzuri, hapana?"

Constance alisimama katikati ya chumba ambacho mchumba wake alikijenga nyuma ya nyumba, kule mtaani Katuba, kwa vitu vya kutupwa tu: kuta za mabati, taa za magari mabovu, vifuniko vya sufuria vikining'inia kwa nyaya za shaba. Jumamosi, siku ya maonyesho yake ya sanaa, wageni wangeingia mmoja mmoja, walale juu ya kitanda kile cha chuma, wasikilize vifuniko vikigongana.

Akagusa mguu mmoja wa kitanda uliofungwa waya.

"Papa njo alifunga hii waya. Ni kitanda ya mama! Kisha papa kufa, alishindwa kulala pale yeye moya, akasema baitupe."

Anaclet akarudi nyuma hatua moja. Usilolijua ni kama usiku wa giza, lakini ukwe hausikilizi methali. Kwao, mkwe kumtazama mama mkwe usoni tu ni aibu, sembuse kitanda chake! Naye Anaclet alishakisugua, akakipaka mafuta, akakilalia kukijaribu.

"Ndoa imekufa," Anaclet alinong'ona.

"Mama ataisikia tu. Heri asikie kwangu."

Constance akaondoka. Anaclet akamtumia ujumbe: "Chérie, mpenzi wangu, nitaiondoa." Kisha tena: "Nitaacha expo yote. Ni wewe njo nataka." Akaketi mlangoni mwa chumba chake, simu mkononi, asithubutu tena kukigusa kitanda.

Jumamosi asubuhi simu ikalia.

"Nilimuambia mama. Iko anakuya. Jifiche!" Ilikuwa sauti ya Constance.

Anaclet akaruka nyuma ya ukuta wa bati. Akasikia hatua, kisha kitanda kikilia. Mama Chilufya, mamake Constance, alikuwa amejilaza. Vifuniko viligongana juu yake.

"Buko, uko pale?" mama akamwita mkwe wake.

"Niko, mama. Pardon. Sikuyua."

"Nyamaza. Tangu niliitupa, silale muzuri. Nilizania ni kitanda njo ilikuwa inaniumiza." Kitanda kikalia tena. "Kumbe ni yeye tu haiko."

Anaclet machozi yakamtoka. Aliogopa hata kupangusa pua, mama asije akamsikia.

"Mutoto nakupatia," mama akasema. "Lakini kitanda narudi nayo. Na wewe, mukono yako isiiguse tena!"

Constance na jirani yake Kiki wakakibeba. Jioni wageni walikuta sakafu tupu, wakauliza maana yake. Anaclet alikuwa akitafuta la kuwaambia, ujumbe ukaingia.

"Mama amesinzia. Pa kitanda, amebakisha upande ya papa wazi. Kuya, Anaclet, ukae tu inje, nashindwa kumuangalia miye moya."

Anaclet akawaacha wageni na mabati yao, akaenda.