Lucila Hakuogeshwa

Harufu ilianza kabla boti haijaondoka ufukweni: mwani uliooza, na ndani yake mafuta ya nazi, yale ya nywele. Crisanto akainusa ndoo ya miwani ya kupigia mbizi. Akaisuuza mara mbili. Harufu ikabaki.

"Unanusa nini, baba?" Nidia, binti yake wa pekee, akamtania. "Wageni watadhani unawaandalia supu humo."

Wageni walikuwa kumi, wametoka mji mkuu, Tegucigalpa, kuja kutazama matumbawe na kula samaki wa kukaanga kisiwani. Crisanto ndiye nahodha. Nidia aliwaongoza majini.

Sasa nikwambie nilichokuja kukijua baadaye. Zamani Crisanto hakuhesabu watu, alihesabu miwani. Ikirudi yote ndooni, anawasha injini. Mwaka juzi Lucila, mpishi wake, aliyepaka nywele mafuta ya nazi, aliingia majini na wageni, miwani yake ikamvuka usoni, ikaelea. Mgeni mmoja akaiokota, akaitupia ndooni. Hesabu ikatimia, wakamwacha mama wa watu nje ya mwamba.

Akakiri? Thubutu. Aliwaambia nyumbani kwao kwamba Lucila katorokea kisiwa cha Roatán na mwanamume. Sisi Wagarifuna wa pwani hii, maiti wetu hupewa maji yake: wa nyumbani huchimba shimo uani, humwita kwa jina, humwagia maji apumzike. Nani angemwogesha Lucila, na mama yake kila siku anamwekea chakula akidhani atarudi? Crisanto alipita mlangoni pale, akasalimia, akanyamaza. Mimi sijamsamehe mpaka leo.

Tangu hapo alihesabu vichwa. Adhuhuri ile, walipotoka majini penye mwamba, alihesabu kumi na kimoja: wageni kumi, na Nidia nyuma kabisa, kajifunika taulo kichwani. Wakaondoka.

Katikati ya njia harufu ikamjaa puani.

"Nidia, unaumwa?"

"Hesabu tena, Crisanto," sauti ikasema polepole chini ya taulo.

Binti yake hakuwahi kumwita kwa jina. Akatazama, na miguu iliyojitokeza chini ya taulo lile ilikuwa imevimba, imechubuka ngozi, maji yakiitoka wala hayaishi, na huko nyuma, mbali, penye povu la mwamba, mkono mmoja mwembamba ulikuwa ukipunga, ukizama, ukiibuka tena.

"Lucila, huyu mtoto hana kosa," akanong'ona.

"Mama yangu alikuwa na kosa gani?"

Akageuza boti kwa nguvu, wageni wakaangukiana, na njia nzima alikuwa akilia na kuomba na kuahidi kwamba leo hii ataenda kwa yule bibi, atapiga magoti, atasema yote, shimo atalichimba mwenyewe, lakini alipotazama nyuma palikuwa na taulo tupu, limelowa chapachapa.

Nidia alikuwa hai. Crisanto akajitosa vile vile na nguo zake, akamsukuma juu, wageni wakamvuta ndani. Akashika ukingo wa boti, anahema, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Panda, baba," Nidia akasema, meno yakigongana. "Panda haraka. Kuna mama alinishika kiuno muda wote nisizame. Amesema ananirudisha mimi tu."

Crisanto alikuwa bado majini.