Posa ya Haifa

Walikutana stesheni ya Stratford, London, watu wamefurika, Haifa kavaa koti jekundu na mtandio wa zambarau, akigombana kwa simu na mtu wa Pemba. Muhsin alipoisikia lafudhi ile ya kwao, alimsogelea.

"Dada, Wete au Chake?"

"Kwani weye polisi?"

"Mie mgonjwa."

Haifa akacheka, na hapo Muhsin akawa hana lake tena.

Haifa hakumficha kitu. Alizaliwa akaitwa mtoto wa kiume. Sasa ni mwanamke, sheria ya Uingereza imemtambua, ila baba yake kule Pemba hapokei simu zake. Muhsin akamwuliza kama ameshakula. Mapenzi yakakolea. Akamwombea kazi kwenye ghala moja huko Hayes, magharibi mwa jiji, alikokuwa yeye msimamizi wa zamu.

Balaa likazuka chumba cha kubadilishia nguo. Mwanamke mmoja alilalamika kwamba Haifa anabadilisha nguo pamoja nao, meneja akaitisha kikao. Muhsin, kama wanaume wa kwao wanavyosuluhisha mambo ya wanawake wao barazani, alikwenda peke yake, akarudi anatabasamu.

"It's sorted, habibti, yamekwisha. Utabadilishia nguo choo cha wageni. Nimewaambia huna neno."

"Nani kakwambia sina neno?"

"Nilitaka usisumbuliwe."

"Serikali nzima imenitambua, Muhsin. Weye ukanipeleka chooni, tena bila kuniuliza."

Haifa akaacha kazi, akamwacha Muhsin pia.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kila akipita Stratford, Muhsin alitafuta koti jekundu. Haifa naye aliitazama simu ikilia, akiitamani sauti ile, na asiipokee. Jioni moja uvumilivu ukamshinda, akaipokea.

"Sema."

"Nimerudi kwa meneja. Nimemwambia nilikubali jambo lisilo langu. Akaniuliza, Haifa anataka nini? Nikamwambia amwulize mwenyewe. Kazi yako bado ipo, atakupigia kesho."

"Nitamwambia. Chumba cha wanawake, kama wenzangu."

"Haya." Muhsin akavuta pumzi. "Nataka kuleta posa. Sijui mshenga nimtume kwa nani."

"Kwetu hakuna wa kuipokea, wajua."

"Ndiyo maana nimekupigia weye."

Haifa aliketi kitandani, machozi yakimtoka. Alikwishajizoesha kuamini kwamba hakuna atakayemposa.

"Posa gani ya kwenye simu, Muhsin?"

"Nipo hapa chini, mlangoni."

"Basi panda," alisema. "Uniulize nikikutazama."