Jipi ya Mazutu na Mikono ya Fundi Bilali

Mume wangu Muhindo aliondoka Jumanne asubuhi, mwezi wa tatu, mwaka 2001. Alikunywa chai amesimama. Nusu ya mkate wake alimwachia binti yetu, Sophie. Kisha tulikwenda nyuma ya jikoni kuchota mazutu, yaani dizeli, kwenye pipa.

Pipa lile tulilizika mwaka uliotangulia, katika vita vya siku sita, majeshi mawili ya kigeni yalipopigana mjini kwetu. Wakati ule askari walichukua magari na kila kitu kinachofanya gari litembee. Basi watu wa Kisangani tulijifunza kuzika. Wengine walizika betri. Wengine walizika magurudumu. Sisi tulizika pipa zima la mazutu, limesimama wima, kifuniko juu. Tuliweka udongo na majani juu yake. Vita vilipotulia hatukulitoa. Tuliogopa kwamba vitarudi.

Asubuhi ile Muhindo alisukuma mpira ndani zaidi kuliko safari zilizopita, kwa sababu mafuta yalikuwa yamepungua. Alivuta kwa mdomo, akatema, akacheka. Mimi nilishika faneli. Tukajaza tangi la jipi yetu.

"Alhamisi niko hapa," alisema.

Alichukua chumvi na sabuni za kuuza kwenye barabara ya Lubutu. Alikuwa na abiria wawili.

Alhamisi abiria wale walirudi kwa miguu. Walisema jipi ilikohoa ikiwa msituni. Ilizimika, ikawaka, ikazimika tena. Mara ya tatu haikuwaka. Wao walikwenda mbele kutafuta kijiji. Muhindo alibaki kulinda mali. Waliporudi asubuhi, jipi ilikuwa imechomwa. Mali haikuwapo. Muhindo hakuwapo.

Tulitafuta. Tuliuliza. Hatukupata mwili. Mpaka leo hatuna kaburi.

Watu waliokuja kwenye matanga waliuliza swali moja: nani aligusa gari mara ya mwisho? Wote tulijua. Fundi Bilali, fundi wa magari wa mtaa wetu, aliifungua jipi siku moja kabla ya safari.

Jirani yangu Adèle aliniambia kwa sauti ndogo, "Mama Sophie, mafundi wengine wanafanya kazi na watu wa bunduki. Wanaharibu kitu kidogo. Wanasema: gari itazimika mahali fulani. Muende mungojee pale."

Nilimwamini. Bilali alipokuja kutoa pole, alininyooshea mkono. Sikuupokea. Watu waliona. Tangu siku ile hakuna mtu wa mtaa wetu aliyempelekea gari.

Miezi sita ilipita. Niliuza chumvi kidogo mbele ya nyumba. Haikutosha. Kisha Timothée, mdogo wake Muhindo, akaja na habari.

"Shemeji, nimepata jipi. Iko ya mazutu. Ilitoka Dubai, ikapita Mombasa mpaka Beni. Usukani iko kuume, lakini si kitu. Mwenyewe anaitwa Wenceslas. Anataka kuuza mbio mbio."

"Juu ya nini mbio mbio? Kwa nini hangoji?"

"Shemeji! Wewe sasa unashuku hata kuku."

"Kuku hajanidanganya bado," nilisema.

Timothée alitaka kushika barabara ileile ya Lubutu. Sikulala vizuri juma lile. Nilimpoteza mmoja. Kama gari hii pia ina kitu kibaya ndani yake, nitampoteza wa pili. Na sikujua gari. Nilijua chumvi. Chumvi nikiigusa tu, najua kama imeloa.

Siku mbili baadaye Bilali alisimama mlangoni kwangu. Alivaa kofia yake nyeupe na koti la kazi lenye mafuta.

"Mama Sophie, nimesikia munanunua jipi ya Wenceslas. Ninaomba kwenda na ninyi."

"Wewe?" nilisema. "Unakuja kutafuta nini kwetu?"

"Mutu akishukiwa, akijificha, amekubali. Miye sikubali. Sitaki malipo. Wewe simama karibu yangu. Angalia mikono yangu. Kila kitu nitagusa, nitasema juu ya nini ninakigusa. Ukiona ujanja, pigia mutaa wote kelele."

Niliitazama mikono yake. Kisha nikasema, "Nitaangalia vizuri, Papa Bilali."

"Ndiyo, njo ninataka hivyo."

Wenceslas alikuwa ametuambia tuje saa tatu. Bilali alisema, "Hapana. Twende saa kumi na mbili na nusu."

"Juu ya nini?" niliuliza. Sikutaka kuacha hata jambo dogo lipite.

"Mashini ya mazutu iliyochoka inawaka vizuri ikiwa na moto. Muuzaji mwerevu anaiwasha mbele ya wewe kufika. Mashini inasema kweli asubuhi, ikiwa baridi."

Tulifika mapema. Mke wa Wenceslas, Clémence, alikuwa anafagia uwanja. Alishangaa kutuona.

"Bwana yangu hayuko," alisema. "Ameenda kutafuta watu wa kusukuma gari."

Timothée aliangalia chini. Bilali hakucheka, lakini masharubu yake yalicheza.

Wenceslas alirudi na vijana wanne wa toleka, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli. Alipotuona alisimama.

"Bon," alisema. "Asubuhi iko na baridi kidogo. Mashini inasikia baridi."

"Baridi ya Kisangani?" Bilali alisema. "Basi tuiletee blanketi."

Vijana wa toleka walicheka sana. Wenceslas naye alicheka, ila si kwa moyo.

Bilali alifungua kifuniko cha mashini. Aliweka kiganja juu ya chuma. Akaniita niweke changu. Chuma kilikuwa baridi. Mashini haikuwa imewashwa.

Alifungua radiateri. "Unafungua ikiwa baridi tu, mama. Ikiwa na moto, maji itakuchoma uso." Maji yalikuwa safi. Alitoa kijiti cha kupimia mafuta ya mashini. "Ona. Mafuta nyeusi, haina neno. Kama ingekuwa kama maziwa, maana yake maji imeingia kwenye mashini. Hapo tungeenda nyumbani."

Nilimnyang'anya kijiti. Nikatazama mwenyewe. Nikanusa. Hakukasirika.

Kisha alilala chini ya gari. Nami nililala chini ya gari, kanga yangu kwenye tope. Timothée alisema, "Shemeji, watu wanaona!"

"Waone."

Chini kulikuwa na rangi nyeusi mpya, inang'aa.

"Gari ya miaka kumi na tano," Bilali alisema, "juu ya nini inapaka rangi chini kama bibi arusi?" Alichukua nyundo ndogo, akagonga shasi, yaani vyuma viwili virefu vinavyobeba gari lote. Ngi, ngi, ngi. Karibu na gurudumu la nyuma sauti ilibadilika. Pu. Alikwaruza kwa kisu. Rangi ilitoka pamoja na kutu. Kulikuwa na tundu ambalo kidole changu kiliingia.

Wenceslas alisema upesi, "Mimi sikujua ile! Alors, mimi nilinunua hivi hivi!"

"Unaijua sasa," nilisema.

Walisukuma jipi. Iliwaka. Moshi mweupe ulitoka mwingi, kisha ukapungua, kisha ukaisha.

"Ukiisha hivi, ni vizuri," Bilali alisema. "Moshi wa buluu usiokwisha, mashini inakula mafuta yake. Moshi mweusi mingi, labda filta ya hewa imejaa vumbi, labda pompi ya kusukuma mafuta inatupa mazutu mingi." Alifungua kifuniko cha mafuta ya mashini, nayo ikiwa inawaka. Kama upepo mwingi ungepuliza hapo, mashini ingekuwa imechoka. Niliweka mkono wangu. Pumzi ilikuwa ndogo.

Akamaliza hivi: "Mashini iko mzima. Inachelewa kuamka kwa sababu bujia mbili zimekufa, vile vidude vya kuipasha moto. Shasi inataka chuma kipya, kichomwe vizuri, si rangi. Soma namba ya shasi na ya karte rose, ile kadi ya gari. Iko sawasawa? Bon. Unaweza kununua. Lakini si kwa bei ya asubuhi ya saa tatu."

Wenceslas alipunguza bei. Alikubali pia kuchomesha shasi kwanza, mbele ya macho yetu. Tulinunua.

Niliporudi nyumbani nilikuwa bado sijamwamini Bilali. Nilijisemea: ameonyesha mikono safi leo kwa kuwa namwangalia. Siku ile ya Muhindo, nani alimwangalia?

Juma lililofuata jipi ilikuwa uani kwetu, shasi imechomwa, bujia mpya zimewekwa. Bilali alikuja kumalizia kazi. Timothée alitaka kuondoka kesho yake. Alishika mpira na dumu.

"Mazutu iko," alisema. "Pipa ya yaya yangu, kaka Muhindo, iko bado na kitu ndani."

Bilali aliinua kichwa. "Pipa gani?"

Tulimpeleka nyuma ya jikoni. Timothée aliondoa majani na udongo. Juu ya pipa, kuzunguka kifuniko, mvua ilikuwa imetuama kama kwenye sahani.

Bilali aliuliza polepole, "Hii imesimama hivi tangu lini?"

"Tangu vita ya siku sita," nilisema.

"Lete chupa. Chupa nyeupe, mutu aone ndani."

Timothée alivuta mazutu ya juu, akajaza chupa. Yalikuwa safi. "Umeona?" alisema. "Mafundi munapenda kuogopesha watu."

"Sukuma mpira mpaka chini."

Timothée alisukuma. Alivuta, akatema haraka. Alijaza chupa ya pili. Bilali aliiweka juu ya tofali. "Tungoje," alisema.

Tulingoja. Chupa ilianza kujigawa. Juu palikuwa na mazutu vidole viwili. Chini yote yalikuwa maji, na uchafu kama ute.

Timothée alipangusa mdomo kwa mkono.

Bilali alichutama. Hakunitazama. "Pipa ikisimama chini ya mvua, inapumua," alisema. "Muchana jua inaipasha, hewa inatoka. Usiku inapoa, inavuta. Kama maji iko juu ya kifuniko, inavuta maji, hata ukifunga sana. Maji iko nzito. Inakaa chini. Safari za kwanza unachota juu, gari inatembea. Siku pipa inapungua, mpira unafika kwenye maji. Filta ya mazutu inashika maji kidogo. Ikijaa, maji inapita, inaingia kwenye pompi. Gari inakohoa. Inazimika. Inawaka. Inazimika."

Ni maneno ya wale abiria wawili. Neno kwa neno.

Miezi sita nilitafuta mkono ulioua jipi ya Muhindo. Asubuhi ile mimi ndiye niliyeshika faneli.

Niliketi chini. Nilisema, "Papa Bilali, siku ile kabla ya safari, uliigusa filta?"

"Niliifungua, nikatoa maji kikombe kizima. Nilimwambia Muhindo: tafuta mahali maji inatoka. Alisema atatafuta akirudi."

"Juu ya nini hukusema kwenye matanga?"

"Nani angenisikia? Mutu anayeshukiwa akisema kosa iko kwa marehemu, wanampiga." Aliimwaga ile chupa ya pili. "Na wewe, mama, ulikuwa unalia. Ni vita njo ilituzikisha mazutu. Hata miye nilizika yangu. Nayo iliharibika."

Nilimnyooshea mkono mbele ya Timothée na mbele ya Adèle, aliyekuwa akichungulia kwenye ua. Bilali alipangusa wake kwenye koti kwanza. Kisha akaupokea.

Timothée hakuondoka kesho yake. Tulitoa pipa ardhini. Bilali alituonyesha namna ya kuliweka: chini ya paa, limelala juu ya mbao, vifuniko vyake viwili vimelingana, kimoja kushoto na kimoja kulia, ili pipa likijaa mafuta yavifunike kwa ndani. Hapo hakuna mvua itakayotuama. Mazutu yaliyobaki tuliyaacha siku tatu bila kuyatikisa. Tulichota ya juu tu, tukayachuja kwa kitambaa kizito. Ya chini tuliyamwaga mbali na kisima.

Alinifundisha pia skrubu ndogo iliyo chini ya filta ya mazutu. Unaifungua kabla ya safari. Maji yanatoka kwanza. Yakianza kutoka mazutu matupu, unafunga. Ni kazi ya dakika mbili. Kubadilisha mafuta ya mashini kunategemea kilomita, na kwenye barabara ya tope tunafanya mapema zaidi. Filta ya hewa tunaikung'uta kila safari. Wewe mwenye gari la zamani, usimwachie fundi peke yake mambo haya. Simama karibu. Uliza juu ya nini. Fundi mwema hachoki kuulizwa.

Mwezi wa kwanza niliogopa kila Alhamisi. Safari ya tatu, jipi ilikohoa karibu na Wanie-Rukula, kwenye barabara ya Lubutu. Timothée alisimama, akafungua skrubu, maji yakatoka nusu kikombe. Alikuwa amenunua dumu moja barabarani bila kupima kwa chupa. Alinieleza mwenyewe, kwa aibu, akila wali jikoni kwangu. Nilimtukana vizuri. Kisha nikamwongezea wali.

Adèle alimpelekea Bilali gari la kaka yake. Hakuomba msamaha. Alisema tu, "Uliangalie na hili." Siku hizi uwanja wa Bilali una magari matano, na wenye magari wanasimama karibu wakiangalia mikono yake.

Jumatatu jioni mimi ndiye ninayefungua skrubu ya filta. Jumanne jipi inaondoka saa kumi na mbili asubuhi, na Alhamisi inarudi.