Mume Wangu Alimkata Ganesh Tumbo

"Amedeus! Unafanya niniii?!"

Jamani, ndoo ya maji ilinidondoka palepale.

Mume wangu, wa ndoa ya kanisani kabisa, alikuwa kwenye kibanda chake cha kutengenezea baiskeli. Katikati ya magoti kambana Ganesh wa Mama Kirit. Mkononi ana msumeno wa chuma.

Na msumeno ulishazama tumboni!

"Nyamaza, Eme. Tunatajirika."

"Unamkata mungu wa watu?!"

"Humu ndani kuna dhahabu!"

Wadau, hasira niliyopata siku ile… acheni tu.

Ilikuwa Ifakara, miaka ya tisini, tunakaa Kibaoni. Mimi nafanya kazi za ndani kwa Mama Kirit, mjane wa Kihindi. Duka lao la vitambaa aliliendesha mwanawe, Kirit, na huyo Kirit alikuwa na wimbo mmoja tu: wahamie Dar. Mkewe na watoto walishatangulia.

"Mama, wajukuu wako kule. Unang'ang'ania nini huku?"

"Ganesh aliwekwa hapa na baba yako. Simwachi."

Ganesh mwenyewe ni sanamu ya shaba ya manjano, kichwa cha tembo, tumbo nene. Mama Kirit alinifundisha kumtunza. Unaloweka ukwaju, unamsugua polepole kwa kitambaa cha pamba, unamsuuza, unamkausha saa ileile. Unyevu wa bonde letu ukimkalia tu, anaota ukijani mpaka kwenye mikunjo ya masikio. Mchanga mwiko! Stiliwaya ndiyo usiiguse kabisa, inamkwangua sura.

Mama Kirit alipokwenda Dar kupasuliwa macho, akasema, "Kirit atamsahau. Eme, kaa naye wewe."

Kirit mwenyewe ndiye aliyemleta kwangu kwa baiskeli.

Nilisemwa, jamani! Jirani yangu Balbina, tunasali jumuiya moja, alinisimamisha njiani.

"Mkatoliki mzima unaosha sanamu za Wahindi?"

"Naosha shaba, Balbina. Siiabudu!"

Nimevumilia maneno yote hayo, halafu wa kuniangusha anakuwa mume wangu!

Nilimpokonya sanamu. Unajua kilichomwagika tumboni?

Udongo. Udongo mkavu, mweusi, basi!

"Nani alikudanganya kuna dhahabu?"

Akaanza kuuchambua ule udongo kwa vidole.

Nikamsafisha Ganesh kwa ukwaju, nikamkausha, nikamng'arisha. Akang'aa kote… na lile pengo nalo likaonekana vizuri zaidi. Nililia kwa uchungu.

Mama Kirit akarudi na treni. Nikamburuta Amedeus twende wote akakiri mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Eme. Mlete Ganesh. Nataka kumwona kwa macho yangu mapya."

Nikafungua kanga niliyomfungia. Alimtazama usoni, akatabasamu. Kisha macho yakashuka tumboni.

Akapitisha kidole kwenye lile pengo.

Kirit ndiye aliyewahi kusema. "Basi, mama. Aliyevunjika haabudiwi tena, anapelekwa mtoni. Ulinifundisha mwenyewe. Sasa hakuna kinachokushikilia hapa. Twende Dar."

Amedeus akaruka kama kang'atwa na siafu.

"We Kirit! Si wewe uliyeniambia marehemu baba yako alificha dhahabu tumboni?!"

Kumbe, wapendwa!

"Kirit?" mama yake akauliza taratibu.

Yule mwanaume mzima akaanza kulia. "Ningefanyaje, mama? Miaka yote nakubembeleza! Nilitaka uje ukae na sisi…"

Mama Kirit akaomba pikapu, tukaenda wote hadi mto Kilombero. Akasali kwa lugha yao, akaweka maua juu ya maji, akamwachia Ganesh. Sanamu ikazama.

Kirit akamshika bega. "Twende tukafunge mizigo, mama."

"Mizigo ya nani?"

"Si tunahama…"

"Kirit, mimi nilishakubali. Wajukuu waliponikumbatia kule Dar, niliamua. Nilirudi kumchukua Ganesh tu, tuhamie wote." Akanyoosha kidole mtoni. "Sasa yuko humu. Nimwache na nani?"

Kirit alikaa kwenye matope na suruali yake nzuri.

Mama hakuhama. Alikaa Ifakara mpaka mwisho wake, na kila wiki alikwenda mtoni na maua. Kirit akafunga duka, akawafuata wanawe.

Na Amedeus? Tunarudi nyumbani, mimi machozi yananitoka, ananinong'oneza:

"Eme… labda dhahabu ilikuwa kichwani."

Nilimnunia mpaka mpunga ukavunwa.

Ndugu zangu, ukimtaka mzazi wako karibu, mwombe, na akikataa mwombe tena. Usimzunguke, usimvunjie anachokipenda ukidhani ndiyo utampata. Kirit angesubiri treni moja tu, mama yake angeshuka nayo ameshasema ndiyo.