Nati Iliyolika Kona

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mushiya alifagia chini ya mashine ya kusaga mahindi ya mama yake. Asubuhi hiyo ya mwaka 1993 hapakuwa na unga wala shule. Watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walikuwa wakifukuzwa Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, na yeye, aliyezaliwa hapo hapo, alihesabiwa miongoni mwao. Jambo hilo lilimuuma sana.

Baba yake, Lukusa, fundi aliyeachishwa kazi mgodini, alipiga magoti mbele ya mashine. Ilikuwa imefungwa sakafuni kwa nati nne, zote zimeliwa na kutu. Saa nane mchana mkokoteni ungekuja kuwapeleka stesheni. Bila mashine, huko waendako wangekula nini?

"Tata, vuta na nguvu!" Mushiya alimhimiza baba yake.

"Hapana. Kutu haiogope nguvu." Lukusa alizimiminia nati mafuta ya taa, akazigongagonga pande zote kwa nyundo ili yapenye. "Tungojee mpaka saa sita. Kisha tutakaza kwanza kidogo kuvunja kutu, njo tutafungua. Usiguse." Akaenda kutafuta kamba.

Barabarani vijana walipita wakipiga kelele: "Murudi kwenu!" Hofu ikamvaa Mushiya, na subira ikamtoka. Alitwaa spana, kumbe ni kubwa kidogo kuliko nati, akachomeka bomba kwenye mpini, akavuta kwa uzito wake wote. Spana ikateleza. Kona za nati zikalika, ikabaki mviringo, na hakuna spana ambayo ingeishika tena.

Haraka haraka akaipaka grisi kuficha uharibifu.

"Mbona unatoka jasho?" aliuliza mama yake, Tshiela, aliyekuwa akifunga masufuria.

"Ni joto, mama."

"Joto! Mwezi wa sita huu, na baridi yote hii?" Tshiela alimkazia macho, kisha akaendelea na kazi.

Baba aliporudi na kamba, Mushiya alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kunyamaza mpaka saa sita. Lakini je, wakati huo kungekuwa na muda wa kutosha?

"Tata, ni mi njo niliharibisha nati moja. Sikungojea."

Lukusa alifuta grisi, akaitazama nati. Kisha akaenda kwenye ua kumwita jirani yao Kalenga, Mkatanga, ambaye kwa wiki tatu hakuwasalimu kwa kuogopa vijana wale.

"Tata Kalenga, niazime tindo yako."

Kalenga alitupa jicho barabarani. Akaingia ndani, akatoka na tindo, na badala ya kuipitisha juu ya ua, akazunguka kupitia barabarani na kuingia mlangoni kwao. Wakaipasua nati polepole, kwani pigo moja baya lingevunja mguu wa mashine. Kazi hiyo iliwachukua zaidi ya saa mbili. Zile nyingine tatu, zilizokwisha kulowa, zilifunguka bila ubishi. Nati ya mwisho ilipoachia, mkokoteni ulikuwa tayari mlangoni.

Mushiya akaangua kilio.

"Nyamaza, mwanangu," Lukusa alisema. "Kuharibisha, kila fundi anaharibisha. Lakini kama ungeficha mpaka mwisho, mashine ingebaki hapa na sisi tungeenda mikono mitupu. Kosa ukilisema mapema, batu watakusaidia. Ukilificha, utabaki nalo peke yako."

Kalenga aliinama, akashika mguu wa mashine. "Haya, tubebe," alisema, na vijana barabarani wakiwatazama.